SOMO LA TISA: HILA ZA WABISHI NA ADABU YA KUJADILIANA

 

Ndugu Msomaji, leo tunaingia katika mlango ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila ya kuuangalia, nao ni mlango wa mabishano. Hatukusudii hapa mijadala ya wanavyuoni juu ya masuala makubwa ya elimu; hiyo ina watu wake na vitabu vyake. Tunakusudia maneno ya barazani na ya sebuleni, ya mume na mkewe, ya ndugu na nduguye, na ya baba na mwanawe aliyesoma skuli za huku ugenini akarudi nyumbani na ulimi mwepesi kuliko wa baba yake.

Imepokewa kutoka kwa Bi Ummu Salama (R.A.) ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaeleza watu waliokuwa wakimletea mashtaka yao kuwa yeye ni mwanadamu, na kwamba huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kuieleza hoja yake kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa mujibu wa yale anayoyasikia. Basi yeyote atakayehukumiwa kupewa kitu ambacho ni haki ya ndugu yake asikichukue, kwani hicho alichokatiwa ni kipande cha moto.

Hadithi hii yataka kusomwa polepole. Humo hamkutajwa hakimu aliyekula rushwa, wala shahidi wa uwongo, wala hati iliyoghushiwa. Hakimu ni Mtume mwenyewe (S.A.W.), na kilichotajwa ni ulimi mmoja tu uliouzidi ulimi mwingine. Mwenye kushinda anatoka barazani na kitu mkononi. Watu wote wanakiona kuwa ni mali, na yeye peke yake ndiye anayejua kuwa ni moto. Ikiwa hali ni hiyo mbele ya Mtume (S.A.W.), itakuwaje katika vikao vyetu, ambavyo waamuzi wake ni sisi?

Wala mtu asifahamu kuwa dini imekataza watu kujadiliana. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 125, tumeamrishwa kujadiliana na watu, na tukawekewa sharti kuwa iwe kwa njia iliyo bora. Na katika Qur-ani imo sura nzima, ya 58, iliyopewa jina kwa sababu ya mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamjadili juu ya mambo ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake na akateremsha hukumu. Bibi huyo hakuambiwa kuwa amekosa adabu. Kilicholaumiwa ni kile wanachokiita wanavyuoni mirai, nacho ni kuyatia kasoro maneno ya mwenzio bila ya makusudio yoyote isipokuwa kumdhalilisha na kujionyesha kuwa wewe ndiye mjuzi. Wawili wanaojadiliana wanatafuta kitu kimoja. Wawili wenye kubishana kila mmoja anamtafuta mwenzake.

FIRAUNI MBELE YA NABII MUSA (A.S.)

Mwenye kutaka kuzijua hila za wabishi hana haja ya kwenda mbali. Naasome Sura ya Ash-Shuaraa kuanzia aya ya 16 mpaka ya 35, na aongeze kidogo kutoka Sura ya Taha na Sura ya Az-Zukhruf. Sisi tumezoea kukisoma kisa hiki kwa ajili ya fimbo na bahari, na watoto wetu wanakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kabla ya fimbo kuna mazungumzo, na mazungumzo hayo ni darsa kamili.

Musa na Harun (A.S.) waliingia kwa Firauni na neno moja: wao ni wajumbe wa Mola wa walimwengu, na Wana wa Israili waachiwe waende pamoja nao. Neno kama hili lina majibu yake. Mtu anaweza kukubali, anaweza kukataa na kueleza sababu, au anaweza kutaka dalili. Firauni hakuanza na lolote katika hayo. Alianza na masimango. Alimkumbusha Musa kuwa alilelewa katika nyumba yake tangu utotoni na akakaa humo miaka mingi. Kisha akafukua kosa la zamani, la yule mtu aliyekufa kwa mkono wa Musa, na akamwita kuwa hana shukurani.

Tazama, ndugu yangu, hila hii ilivyotengenezwa. Hayo aliyoyasema ni kweli. Ni kweli kuwa Musa alilelewa humo, na ni kweli kuwa mtu alikufa. Lakini hakuna katika mambo hayo lenye kujibu kama Wana wa Israili waachiwe au wasiachiwe. Watu hudhani kuwa mbishi hujulikana kwa uwongo, nami naona si hivyo. Mbishi hodari hasemi uwongo mwingi. Huchukua kweli isiyohusika na jambo akaiweka mahali pa jibu, na kwa kuwa ni kweli, msikilizaji huona haya kuikataa.

Musa (A.S.) aliikubali ile iliyo kweli. Alikiri kuwa kitendo kile alikifanya, tena katika wakati ambao alikuwa hajaongozwa bado, na kwamba alikimbia kwa khofu, kisha Mola wake akampa elimu na kumfanya mjumbe. Hakutafuta udhuru wala hakusema kuwa aliyekufa ndiye aliyeanza. Ama lile simango la malezi, alilirudisha mahali pake kwa swali moja: hiyo ndiyo neema ya kunisimbulia, na hali umewafanya watumwa Wana wa Israili wote? Yaani mtoto mmoja kalelewa katika kasri, na taifa zima limo utumwani, na sababu ya huyo mtoto kufika kasrini ni hiyo hiyo dhulma ya kuchinjwa watoto wa kiume wa kaumu yake. Kwa jibu hilo maneno yakarudi kwa Wana wa Israili, pale pale yalipoanzia.

Firauni akauliza ni nani huyo Mola wa walimwengu. Musa akamjibu kuwa ni Mola wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Hapo ndipo ilipotokea hila ambayo mimi naiona kuwa ndiyo mama wa hila zote. Firauni hakumjibu Musa. Aliwageukia waliokaa pembezoni mwake akawauliza kama hawasikii. Swali hili halina maana yoyote. Bila ya shaka wanasikia. Wamo humo humo ndani. Lakini tangu dakika hiyo mazungumzo si ya watu wawili tena. Yamekuwa mchezo wenye watazamaji, na mtazamaji ameshaambiwa wakati wa kucheka umefika.

Musa naye akalitupa jibu lake la pili huko huko yalikoelekezwa maneno: ni Mola wenu nyinyi na Mola wa baba zenu wa kwanza. Firauni akawaambia watu wake kuwa mjumbe huyo aliyeletwa kwao ni mwendawazimu. Musa hakulishughulikia tusi; aliendelea na jibu la tatu, kuwa ni Mola wa mashariki na magharibi, akawaachia wenye akili wafikiri. Zilipomwishia hila za maneno, Firauni akataja jela.

Katika Sura ya Taha, aya ya 51, imetajwa hila nyingine aliyoileta katika mazungumzo hayo. Aliuliza hali ya watu wa karne zilizopita itakuwaje. Mtu akilisoma swali hili haraka huliona kuwa ni swali la mwenye kutaka elimu. Huo ni mtego. Kama Musa angelisema kuwa wazee wao wamo motoni, baraza lote lingelisimama kwa ghadhabu. Na kama angelisema kuwa wameokoka, angeliambiwa kuwa basi hapana haja ya ujumbe wake. Alijibu kwamba ujuzi wa hayo uko kwa Mola wake katika Kitabu, na papo hapo akarejea kwenye maneno yake juu ya Mola aliyeitandika ardhi na kuteremsha mvua. Kusema “hilo si langu kulijibu” ni jibu kamili, nasi wengi wetu tunaona aibu kulitumia.

Na katika Az-Zukhruf, aya ya 51 mpaka ya 53, Firauni anajifakhirisha kwa ufalme wa Misri na mito inayopita chini yake, kisha anamdharau Musa kwa kuwa hasemi kwa ufasaha, na anauliza kwa nini hakuvishwa bangili za dhahabu. Hapa msemaji anapimwa kwa matamshi yake na mapambo yake. Nasi tulioishi ugenini tunalijua jambo hili vizuri, kwani wangapi kati yetu tumenyamazishwa dukani au ofisini kwa sababu ya lafudhi tu, na wangapi nasi tukawanyamazisha wengine kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya kuionyesha fimbo, Firauni aliwaambia wakubwa wake kuwa mtu huyu ni mchawi mjuzi, na kwamba anataka kuwatoa katika nchi yao. Msomaji na asimame hapa. Ni nani aliyeomba kutoka katika nchi hiyo? Ni Musa na watu wake. Firauni aligeuza ombi la watu wanaotaka kuondoka likawa njama ya kuwaondoa wenyeji. Na baadaye, wachawi wake mwenyewe walipoiona haki na kuamini, hakuuliza wameona nini. Alisema kuwa Musa ndiye mkubwa wao aliyewafundisha, na kwamba yote yalikuwa ni mpango. Mwenye kudai kuwa anaijua siri iliyomo ndani ya kifua cha mwenzake hawezi kushindwa kamwe, kwa sababu kila dalili utakayomletea ataifanya kuwa sehemu ya ile siri.

MAZUNGUMZO JUU YA NYUMBA YA MAREHEMU

Nitaeleza sasa jambo nililolishuhudia mwenyewe katika nchi moja ya Ghuba, na majina ya wenyewe nitayaacha.

Mzee mmoja alifariki akaacha nyumba Unguja, yenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Warithi wake walikuwa wawili tu, mwanamume aliye huku Ghuba na mdogo wake wa kike aliyebaki nyumbani. Kodi ilikuwa inakusanywa na wakala na kupelekewa kaka. Ikapita miaka minne. Yule bibi akataka hesabu. Kaka mtu akatuita wazee wanne nyumbani kwake baada ya sala ya Isha, ikaletwa kahawa na halua, na simu ikawekwa katikati ya busati, sauti juu, ili sote tusikie.

Bibi alianza kwa salamu, akatuamkia mmoja mmoja, kisha akasema, “Kaka, mimi nauliza kodi ya nyumba ya marehemu baba. Imekusanywa kiasi gani, na fungu langu liko wapi?”

“Mdogo wangu, umesahau ni nani aliyekulipia matibabu ulipokwenda Bara Hindi?”

“Sijasahau, kaka, na Mungu akulipe kheri. Nauliza kodi.”

“Na mikufu ya marehemu mama ilibaki kwa nani?”

“Ilibaki kwangu, na mwenzangu ulipelekewa fungu lako mbele ya mashahidi. Kama kuna iliyosalia na ihesabiwe pamoja. Mimi nauliza kodi.”

Hapo akatugeukia sisi. “Mnasikia, masheikh? Mnasikia mtoto wa kike anavyosema na kaka yake?”

Nasi tukatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Maneno yakaendelea. Akasema kuwa hayo si maneno ya dada yake, bali ni ya shemeji anayetaka kuwatoa katika nyumba ya baba yao. Akasema pia kuwa yako mambo mengi anayoyajua juu ya nyumba ile, lakini hayamlazimu kuyasema usiku ule. Mwisho akamwambia kuwa kama ataendelea na khabari hizi, basi asimpigie simu tena. Simu ikakatika. Tukamaliza kahawa, tukamwombea Mungu ampe subira juu ya ndugu yake, tukaondoka.

Ilikuwa baada ya miezi kadhaa, nikiwatayarishia vijana wa chuo darsa ya Sura ya Ash-Shuaraa, ndipo nilipofika aya ya 25 nikashindwa kuivuka. Maisha yangu yote nilikuwa nikijiuliza, katika kisa kile, mimi ningelikuwa upande wa nani, wa Musa au wa Firauni. Sikupata kujiuliza juu ya wale waliokaa pembezoni. Qur-ani imewataja kwa neno hilo tu, waliokuwa pembezoni mwake. Hawakutukana, hawakutisha, hawakutunga hoja hata moja. Kazi yao ilikuwa kusikia walipoambiwa wasikie. Na bila ya wao maneno ya Firauni yasingelikuwa na uzito wowote, kwani mtu hamwiti mwenzake mwendawazimu wakiwa wawili chumbani. Humwita hivyo mbele za watu.

WALIYOYASEMA WATAALAMU

Jambo hili si geni katika elimu. Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya hoja za udanganyifu, akazihesabu kumi na tatu, sita katika hizo zinatokana na kucheza na maneno, na saba zinatoka nje ya maneno. Moja katika hizo saba ni kuyafunga maswali mawili kwa kamba moja, kama kumuuliza mtu, “Umeacha kumdhulumu jirani yako?” Akijibu ndiyo amekiri, na akijibu la amekiri zaidi. Waislamu walikifasiri kitabu hicho kwa Kiarabu, na elimu hiyo wakaiita mughalata, kutokana na shina lile lile lililotupa sisi neno ghalati.

Lakini aliyeyaandika kwa uchungu ni Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Huyu hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alikuwa bingwa wa mijadala mbele ya mawaziri, na akasomesha katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, mpaka mwaka 488 Hijria (1095) alipoyaacha yote akatoka. Mwaka uliofuata, katika mji wa Al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), aliweka ahadi tatu: hatapokea mali ya sultani, hatakwenda kwa sultani, na hatafanya mjadala. Msomaji na aangalie ahadi ya tatu imewekwa pamoja na zipi.

Katika kitabu chake cha Ihyau Ulumi d-Dini, katika mlango wa elimu, ameweka masharti manane ya mjadala ulio wa halali. Sitayaeleza yote. Moja ni kuwa mjadala wa faragha uwe unapendeza zaidi kwa mtu kuliko wa mbele ya wakubwa na makundi ya watu, kwa kuwa faragha hukusanya fikra, na hadhara huamsha riya na tamaa ya kushinda, kwa haki au kwa batili. Jingine ni kuwa mtu awe katika kuitafuta haki mfano wa aliyepotelewa na mnyama wake: hajali akimwona yeye au akionyeshwa na mwenziwe, na yule mwenziwe humwona kuwa ni msaidizi, si adui, na humshukuru. Hapo akaleta khabari za wakubwa waliokubali kukosolewa, kama ilivyosimuliwa juu ya Sayyidna Umar (R.A.) na yule mwanamke aliyemsahihisha hadharani katika suala la mahari, naye akakiri kuwa bibi yule amepata na yeye amekosa. Imamu Shafii naye imepokewa kwake kuwa alikuwa akipenda haki idhihiri kwa ulimi wa yule anayejadiliana naye. Na katika wanavyuoni wetu, Sheikh Ismail bin Musa Al-Jaytali wa Jabal Nafusa, aliyefariki mwaka 750 Hijria, ameifuata njia ya Ihya katika mambo mengi ya kitabu chake Qanatiru l-Khairat.

Nililotaka kumfikishia msomaji ni hili. Al-Ghazali amemtaja mtu anayesema barazani kuwa anajua jambo juu ya suala lile lakini halimlazimu kulitaja. Akamhukumu hukumu kali. Kama hajui, basi ni mwongo aliyejidai elimu asiyokuwa nayo. Na kama anajua, basi ni mtu aliyeficha jambo la sharia ambalo ndugu yake Muislamu amemuuliza ili alifahamu na aliangalie. Niliposoma ukurasa huo nilikumbuka busati, na kahawa, na yale mambo mengi yasiyolazimu kusemwa usiku ule. Maneno yale yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 900, na mimi niliyapokea kana kwamba ni hekima mpya.

NDANI YA NYUMBA ZETU

Ni wepesi kuzisoma hila hizi na kumtafuta jirani. Sisi wazee tulioko ugenini tuna zetu. Mtoto anauliza kwa nini jambo fulani la dini liko hivi na si vile, nasi tunamjibu kuwa skuli imemharibu. Hilo ni lile lile neno la kuitwa mwendawazimu, limevishwa kanzu tu. Au tunamwambia ni nani anayemlipia ada. Ni kweli tunalipa, na ni wajibu wake kushukuru, lakini swali lake bado liko pale pale, naye ataliondokea nalo akalijibiwe na mtu mwingine tusiyemjua. Kama hatujui, tuseme hatujui, na tuende naye kwa mwenye kujua.

Vijana nao wana zao, na kubwa katika hizo ni kukata maneno. Kila aliyekaa chuoni anajua kuwa katika Sura ya Al-Maun iko aya ambayo mtu akiisoma na kukatia hapo, itakuwa kana kwamba inawaapiza wenye kusali, ilhali aya inayofuata inabainisha kuwa wanaokusudiwa ni wale wanaozighafilikia sala zao. Hakuna Muislamu anayethubutu kukatia hapo. Lakini maneno ya mama yake, ya mwalimu wake, au ya mtu wa madhehebu nyingine, huyakatia popote panapomfaa, akayajibu yale aliyoyabakisha.

Katika nyumba yangu tumejizoeza jambo moja dogo. Maneno yakianza kupanda, aliye mdogo kuliko wote ana ruhusa ya kuuliza, “Tulikuwa tunazungumza nini?” Wala si utovu wa adabu akimuuliza baba yake. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilipotaka kujibu, niligundua kuwa sikumbuki.

Ama yule kaka mtu, nilikwenda kwake baada ya sala ya Alfajiri, peke yangu, bila ya mzee mwingine. Nilimwambia nimekuja kuuliza kodi ya miaka minne. Alianza na matibabu ya Bara Hindi. Nikamwambia ni kweli, alifanya wema mkubwa, nami nauliza kodi. Akataja mikufu, na shemeji, na mimi nikazidi kuuliza lile lile. Akanyamaza muda mrefu. Kisha aliinuka akaingia ndani, akarudi na jalada lenye stakabadhi za wakala, nyingine hazijafunguliwa hata bahasha. Hesabu ilituchukua mpaka karibu na adhana ya Adhuhuri. Thuluthi ya dada yake ilipelekwa mwezi uliofuata.

Nilimpigia simu bibi yule kumtaka radhi kwa usiku ule, kuwa tulitikisa vichwa dhidi yake na haki ilikuwa yake. Aliniambia kuwa vichwa hakuviona, maana ilikuwa ni simu. Alichokisikia ni vikombe tu.